Kutoka Chemchemi Hadi Kikombe: Mtoto wa Shule ya Msingi na Huduma kwa Jamii

Mwalimu wa Gredi ya 4 akitangaza kwamba wanafunzi watafanya huduma kwa jamii, wazazi wengi wa Moding, Malaba na Busia huona picha moja tu: ufagio. Watoto watafagia soko, wataokota karatasi za plastiki kando ya barabara, watapigwa picha, na kazi itakuwa imekwisha. Kufagia soko si jambo baya. Lakini mtaala unataka zaidi ya hapo, na wakazi wa kaunti hii wana bahati ya kuwa na ushahidi wao wenyewe, uliokusanywa katika shule na chemchemi zao tangu miaka ya 1990, unaoonyesha ni huduma ya namna gani humfaa mtoto na ni mahali gani hukatikia njiani.

Somo hili limeandaliwa kwa wazazi na walezi wenye watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 6. Linafaa kusomwa pamoja na mtoto mwenyewe, hasa wakati wa likizo.

Mtaala unataka nini

Mtaala wa Umilisi, ambao wengi wanaujua kwa herufi tatu za CBC, ulianza kutekelezwa nchini kote Januari 2019. Mwongozo wake, uliotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) mwaka 2017, unatilia mkazo mambo mawili yanayohusu familia moja kwa moja. La kwanza ni kushirikisha wazazi katika masomo ya watoto wao. La pili ni mafunzo kupitia huduma kwa jamii. Maana yake ni kwamba mtoto achukue alichofundishwa darasani, akitumie kushughulikia shida ya kweli ya watu wanaomzunguka, kisha arudi darasani na yale aliyoyagundua huko nje. Ni safari ya kwenda na kurudi. Ufagio, ukiachwa peke yake, huenda bila kurudi.

Ni kweli kwamba wazazi wengi waliufahamu mtaala huu kupitia karatasi za manila, gundi na foleni ya kuchapisha picha kwenye saiba. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Kazi ya mradi ikigeuka kuwa kazi ya mzazi kununua vitu, mtoto hajifunzi na mfuko wa mzazi unaumia. Mradi unaoelezwa hapa unahitaji daftari, kalamu, mtungi na saa ya simu.

Jambo moja la utawala lieleweke mapema. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hata hivyo, huduma za maji, za afya ya msingi na za ugani wa kilimo ni za kaunti. Kwa hiyo mtoto anapotoka katika lango la shule kwenda kuhudumia kijiji chake, mara nyingi huwa anaingia katika kazi ambazo maafisa wa kaunti wanapaswa kumsaidia.

Yaliyopatikana katika shule za Busia

Mwaka 1996, shirika la Kiholanzi la ICS lilikuwa likisaidia shule katika wilaya za wakati huo za Busia na Teso. Shule 100 zilichaguliwa, na 25 kati yake, zilizopatikana kwa kura, zikapewa vitabu vya kiada kwanza. Watafiti walitarajia alama zipande. Hazikupanda, isipokuwa kwa wale wanafunzi waliokuwa tayari wakiongoza darasani. Maelezo yaliyotolewa ni mepesi na yanasikitisha: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu. Mtoto alikuwa nacho kitabu mkononi lakini hakuweza kukiingia.

Funzo la kisa hicho kwa mzazi ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nyanya asiyejua kusoma anaweza kumweleza mjukuu wake kwa Kiteso, Kikhayo, Kisamia au Kibukusu jinsi chemchemi ya kijiji ilivyopata jina lake, na mtoto akaelewa kila neno. Kisha mtoto aandike maelezo hayo kwa Kiswahili au Kiingereza. Hapo amesoma mara mbili. Familia zinazojiona hazina mchango kwa sababu hazikusoma mbali zinajinyima bure.

Kisa cha pili kinajulikana duniani kote kuliko hapa nyumbani. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za msingi upande wa Funyula na Budalangi, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, zilipewa dawa za minyoo na kichocho kwa awamu, kundi moja la shule baada ya jingine. Wakati huo zaidi ya watoto 9 kati ya 10 waliopimwa walikuwa na aina moja ya minyoo au zaidi. Baada ya dawa, utoro ulipungua kwa takriban robo. Alama za mitihani hazikubadilika, na hilo lisifichwe. Lakini jambo lililowashangaza watafiti Edward Miguel na Michael Kremer lilikuwa jingine: hata watoto ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, kwa sababu wenzao waliotibiwa waliacha kueneza mayai ya minyoo katika udongo na maji wanayotumia pamoja. Mwaka 2015 wachambuzi wengine walirudia hesabu hizo wakakuta makosa, na ile nafuu iliyodaiwa kufika shule za mbali zaidi ikapungua nguvu. Nafuu ya watoto wa shule ileile ilibaki. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Na mwaka 2021 ilichapishwa taarifa ya kuwafuatilia watoto hao baada ya miaka 20: waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na kipato cha saa kilichozidi kwa asilimia 13.

Kwa hiyo mkazi wa Busia ana haki ya kusema kwamba afya ya mtoto wa jirani si habari ya jirani peke yake. Hesabu zake zilifanywa hapa.

Chemchemi: asilimia 66 na asilimia 24

Kisa cha tatu ndicho kinachozaa mradi wa somo hili. Watafiti walichagua chemchemi 200 katika Busia na eneo jirani la Butere-Mumias, baadhi zikajengewa ulinzi: jicho la maji likazungushiwa sementi, bomba likawekwa, mifereji ikachimbwa ili maji ya mvua yasiingie, na ng'ombe wakazuiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Uchafu wa kinyesi katika maji ulipungua kwa asilimia 66 pale chemchemini. Kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa karibu robo, jambo la kufurahisha sana kwa kila mama.

Lakini watafiti hawakuishia bombani. Walifuata maji hadi nyumbani, wakapima yale yaliyokuwa katika mitungi na vyungu vya familia. Huko uchafu ulikuwa umepungua kwa asilimia 24 tu.

Mzazi asome tarakimu hizo mbili pamoja na mtoto, aulize: zile nyingine zilipotelea wapi? Maji yalitoka safi katika bomba. Fundi alifanya kazi yake. Njiani na nyumbani, usafi ukarudi nyuma: katika mtungi usiosuguliwa ndani, katika kikombe kinachozamishwa chunguni pamoja na vidole, katika maji ya chemchemi yaliyochanganywa na ya mto au ya paa. Hakuna mkandarasi atakayeshinda kila siku katika nyumba za watu akisimamia vikombe. Mtoto wa Gredi ya 4, ambaye hutumwa maji na huosha vyombo, yuko hapo tayari.

Mradi wenyewe

Mwalimu anaweza kuuanzisha darasani, au familia mbili tatu za jirani zikauanzisha wenyewe wakati wa likizo. Inatosha saa mbili za kila Jumamosi kwa wiki tano au sita. Kabla ya yote, watoto na mtu mzima waende kwa mwenye shamba ambamo chemchemi imo. Katika sehemu nyingi za kaunti chemchemi huwa ndani ya shamba la mtu, na desturi huwaruhusu majirani kuteka bure. Desturi hiyo haimaanishi watoto waingie na majembe bila hodi. Mzee aamkiwe, aelezwe, aombwe ruhusa, na ikiwezekana aombwe pia simulizi: chemchemi ilikuwapo tangu lini, ilishawahi kukauka, nani aliifukua, kwa nini inaitwa hivyo. Hayo yaandikwe. Ni somo la Mafunzo ya Jamii lililokamilika.

Jumamosi ya pili ni ya kupima. Mtungi wa lita 20 unawekwa chini ya bomba, mtoto mmoja anatazama saa, mwingine anaandika. Mathalani mtungi umejaa kwa sekunde 80. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo mitungi 45 hujaa kwa saa, yaani lita 900. Kwa siku nzima, mchana na usiku, chemchemi hiyo inatoa lita 21,600.

Sasa watoto wahesabu nyumba zinazoitegemea. Zikiwa 30, na kila moja ikihitaji mitungi mitatu kwa siku, jumla ni mitungi 90, yaani lita 1,800. Chemchemi inatoa mara kumi na mbili ya mahitaji. Kwa nini basi kuna foleni?

Mtoto asipewe jibu haraka. Aende akasimame pale saa kumi na mbili asubuhi na mtu mzima, ahesabu watu. Ataona kwamba karibu nyumba zote hufika kwa wakati mmoja. Mitungi 90 kwa kasi ya mitungi 45 kwa saa ni saa mbili. Wa mwisho katika mstari ataondoka saa mbili kamili, kengele ya shule ikiwa imekwisha kulia. Na aangalie vizuri wa mwisho huyo ni nani. Mara nyingi ni msichana, kwa sababu watu wazima hupita mbele na wavulana hutumwa mbuzi. Hapa huduma kwa jamii imekwisha kuwa jambo zito: kijiji kina maji ya kutosha, ila mpango wake unamchelewesha mtoto shuleni kila siku.

Daftari lenye hesabu hiyo likifikishwa kwa kamati ya chemchemi au katika baraza la mtaa, wazee wana kitu cha kujadili kuliko lawama za jumla. Huenda wakakubaliana kwamba wenye sare za shule wateke kwanza. Huenda nyumba zilizo karibu zikateka jioni. Huenda wakaona haja ya kujenga tangi dogo linalojaa usiku, na hapo ombi la kupelekwa kwa afisa wa maji wa kaunti ndogo lina tarakimu ndani yake. Ombi lenye tarakimu halirudishwi kirahisi.

Kipimo kirudiwe kila mwezi. Januari na Februari, wakati wa ukavu, bomba hupunguza kasi. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zikija, mtungi uleule unaweza kujaa kwa nusu ya muda. Jedwali la mwaka mzima likibandikwa ukutani darasani ni hazina, hasa mwaka wa kiangazi ukija.

Jumamosi ya tatu, watoto wafuate maji hadi nyumbani. Jaribio moja halihitaji maabara. Mtoto ajipake unga wa chaki ya rangi vidoleni, kisha achote maji kwa kikombe kutoka katika beseni jeupe kama kawaida ya nyumbani. Wote watazame rangi ikienea. Achote tena mara tatu. Halafu jaribio lirudiwe kwa maji ya mtungi wenye mdomo mwembamba, safari hii kwa kumimina. Maji hayabadiliki rangi. Nyanya aliyekuwa akicheka pembeni huacha kucheka. Mwalimu akumbushe pia kwamba uchafu wa kweli hauna rangi: maji maangavu yanaweza kuwa machafu, na mtoto asije akadhani macho yanatosha.

Baada ya hapo yafuate marekebisho, nayo ni ya mikono. Mitungi isuguliwe ndani kwa kokoto ndogo na sabuni, isuuzwe vizuri. Kila chombo cha maji ya kunywa kipate kifuniko, na kikombe cha kuzamisha kiondolewe. Karibu na choo, watoto waunde kibuyu chirizi: mtungi wa lita 5 uliotobolewa tundu dogo, ukaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, ukafungwa kamba inayovutwa kwa mguu ili mikono michafu isiguse mtungi, na kipande cha sabuni kikining'inia kando. Mahali penye tangi la klorini karibu na chemchemi, watoto wajifunze kulizungusha mara moja kwa mtungi mmoja wa lita 20, na wakumbushe nyumbani kwamba maji hayo hunywewa baada ya nusu saa. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji aalikwe siku hiyo. Hiyo ni sehemu ya kazi yake na atafurahi kupata wasaidizi.

Pale chemchemini kazi huwa ya majembe madogo: kuzibua mfereji wa juu unaokinga maji ya mvua, kufyeka njia, kutengeneza ua wa kuzuia mifugo, kupanda nyasi penye mmomonyoko. Mikaratusi isipandwe hapo hata kama miche inagawiwa bure, kwa kuwa hunywa maji mengi. Miti ya kienyeji ndiyo inayofaa.

Jumamosi ya mwisho ni ya kurudi. Watoto wasimame mbele ya darasa, au mbele ya wazazi siku ya mkutano wa shule, waeleze walichokuta, kilichobadilika na kilichokataa kubadilika. Mtaala huu unataja umilisi saba, miongoni mwao mawasiliano na ushirikiano, kuwaza kwa kina na kutatua matatizo, uraia, na kujifunza namna ya kujifunza. Mtoto anayewaeleza wazee hesabu ya foleni kwa dakika tano amegusa karibu wote.

Kunde za Kakapel na shamba la 4-K

Si kila familia ina chemchemi karibu, na si kila mtoto anavutiwa na maji. Wengine huvutiwa na shamba. Vilabu vya 4-K, ambavyo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilistawi mashuleni tangu miaka ya 1960, vikafifia, kisha vikazinduliwa upya na serikali ya kitaifa mwaka 2021. Wazazi waliovaa sare miaka ya nyuma wanavikumbuka kwa mashindano ya maonyesho ya kilimo. Shamba la klabu likitoa mboga kwa ajili ya wazee wasiojiweza wa kijiji, hilo nalo ni huduma kwa jamii.

Watoto wa Teso Kaskazini wana sababu ya pekee ya kupanda kunde, wimbi na mtama. Katika vilima vya Chelelemuk kuna mwamba wa Kakapel, wenye michoro ya kale, ambao ni mnara wa kitaifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Chini ya mwamba huo wanaakiolojia walichimba na kuchekecha udongo, wakapata punje zilizoungua za mazao ya kale. Matokeo yao yalichapishwa Julai 2024. Kunde moja ilipimwa ikaonekana kuwa na umri wa takriban miaka 2,300, miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi wa mazao ya kilimo kupatikana katika ukanda huu wa Afrika Mashariki. Wimbi na mtama vilifuata, angalau miaka 1,000 iliyopita. Mtoto wa Moding anayemwagilia kunde anafanya kazi ambayo watu wa eneo hili waliifanya kabla ya kuwapo mpaka wa Kenya na Uganda, kabla ya mahindi kufika. Ziara ya familia huko Kakapel, pamoja na punje za kunde mfukoni za kulinganisha, ni siku ya likizo iliyotumika vizuri. Michoro haiguswi wala haimwagiwi maji ili ionekane vizuri. Mafuta ya mikono na maji huiharibu.

Skauti, uimbaji, michezo na maigizo pia vina nafasi yake, na shule nyingi zinavijua vizuri, kwa hiyo havielezwi hapa.

Huduma si kibarua

Watu wa mpakani hawahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili linatajwa. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na biashara ya Busia na Malaba inalisha nyumba nyingi. Lakini siku za soko kuna watoto wanaobeba mizigo kwenye njia za panya, wengine wanauza mayai na njugu kati ya matrela yaliyo kwenye foleni. Sarafu ya leo ina nguvu kuliko cheti cha miaka kumi ijayo, na mtoto aliyezoea kushika pesa huona darasa kuwa refu. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya ajira za namna hiyo. Mradi wa Jumamosi haushindani na njaa, na asiwepo wa kudanganya kwamba unashindana. Unachoweza kufanya ni kumpa mtoto sababu ya kutaka kuwa shuleni Jumatatu: kuna jedwali lake ukutani, na wenzake wanamngoja na kipimo.

Kwa sababu hiyohiyo, mipaka ya huduma ichorwe wazi. Kumchotea mwalimu maji ya kuogea si huduma kwa jamii. Kulima shamba la mtu binafsi kwa jina la mradi si huduma kwa jamii. Kazi inayofanywa wakati wa masomo, isiyo na funzo ndani yake, ni kibarua, hata ikiitwa kwa jina zuri. Uzito pia uangaliwe. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, na mtoto wa miaka kumi ana kilo 30 hivi. Watoto wapime kwa mtungi huo bombani, lakini wabebe ya lita 5.

Wala mradi usigeuzwe kuwa masomo ya ziada ya kulipia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kufundisha wanafunzi wakati wa likizo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Familia zinazokutana chemchemini bila ada hazivunji sheria yoyote. Anayetoza ada kwa jina la "mradi" aulizwe maswali.

Kabla ya Jumamosi ya kwanza

Shule iandike barua fupi kwa kila mzazi ikitaja mahali, saa na mtu mzima atakayekuwapo. Wawepo angalau watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke kama kuna wasichana. Barabara kuu ya Malaba au Busia isivukwe na kundi la watoto bila mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Watoto wenye ulemavu wasiachwe nyumbani: kazi ya kutazama saa, kuandika na kuhoji wazee haihitaji miguu yenye nguvu. Mtu yeyote anayeona mtoto akidhulumiwa, iwe katika mradi au nje yake, apige simu ya bure ya watoto, nambari 116, saa yoyote.

Msimamizi wa wadi anaweza kuwaelekeza wazazi kwa afisa wa maji na afisa wa ugani wa eneo lao. Chifu naye aarifiwe ili baraza litakapoitishwa watoto wapewe nafasi ya kusema mapema, kabla hawajachoka na kusinzia. Daftari la mradi ligawanywe safu tano: tarehe, sekunde za kujaza mtungi, idadi ya mitungi iliyohesabiwa kwenye foleni, aliyekuwa wa mwisho, na saa aliyofika shuleni.